Ngamia Wasioelekea Kibla

Ilikuwa saa saba na robo mchana. Nilikuwa nimesimama katikati ya ua wenye sanamu za saruji zaidi ya 300, nikatoa simu mfukoni ili nitafute kibla.

Sikukusudia kuswali pale. Hata kama mtu si mkali wa mambo ya fikihi, kusimamisha swala mbele ya nguva wa saruji na bundi wenye macho makubwa ni jambo ambalo moyo wenyewe unalikataa. Nilitaka kujua upande tu, ili nikitoka nje nisianze kuhangaika. Mshale ukazunguka, ukasita, kisha ukatulia kaskazini, umeegemea mashariki kidogo. Nikainua macho. Mbele yangu palikuwa na msafara wa ngamia, mahujaji, na wale wenye hekima wa Injili waliokwenda kumwona mtoto, wote wameinua vichwa, wote wako njiani, na kila aliyenisimulia habari za ua huu aliniambia kwamba safari yao ni ya Makka. Lakini walikuwa wameelekea mashariki. Makka ilikuwa upande wa bega lao la kushoto.

Nikacheka peke yangu.

Kicheko hicho kimeniandama kwa wiki tano sasa. Kwanza nilikionea haya, kisha nikakitetea, kisha nikagundua kwamba jambo lenyewe linalonisumbua halikuwa upande walikoelekea ngamia wale hata kidogo.

## Nyumba yenye jina la mkosi

Kijiji kinaitwa Nieu-Bethesda. Kiko kilomita 50 hivi kaskazini ya mji wa Graaff-Reinet, chini ya milima ya Sneeuberg, katika nyika kavu ya Karoo nchini Afrika Kusini. Nilikuwa Gqeberha, mji wa pwani uliokuwa ukiitwa Port Elizabeth, kwa kazi ya ukalimani, zikabaki siku mbili tupu, na mwenyeji wangu akasema kuna nyumba ambayo mtu wa pwani yetu hawezi kurudi kwao bila kuiona. Hakunieleza sababu. Alinitajia jina tu: Owl House, yaani Nyumba ya Bundi.

Nawaandikia Waswahili, hivyo sina haja ya kueleza bundi ni ndege gani. Nilipomtumia mama picha ya lango lake, hakuandika jibu, alirekodi sauti, na kabla ya salamu akasema, “Mwanangu, nyumba zote za huko zimekwisha mpaka uingie hiyo?”

Mwenye nyumba alikuwa Helen Martins, aliyezaliwa kijijini humo mwaka 1897. Alisomea ualimu, akaolewa mwaka 1920, ndoa ikavunjika baada ya miaka michache, akarudi nyumbani na kuwauguza wazazi wake mpaka mama alipofariki mwaka 1941 na baba mwaka 1945. Alipobaki peke yake alikuwa anakaribia miaka 50, katika kijiji kidogo ambacho kila mtu anamjua mwenzake na mwanamke asiye na mume wala mtoto hana mahali pa kujificha. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja alikuwa amelala mgonjwa, mbalamwezi ikiingia dirishani, akayatazama maisha yake akayaona ya kijivu, akaazimia kuyatia mwanga. Hadithi hiyo ni nzuri mno, nami huziogopa hadithi za namna hiyo kwa sababu zinameza miaka ya kusitasita kwa usiku mmoja. Hata hivyo alichokifanya baada ya hapo kinaonekana mpaka leo, na hakuna anayeweza kukikanusha.

Aliianza nyumba kwa ndani.

## Glasi iliyosagwa

Ukiingia kutoka kwenye jua la Karoo, kwanza huoni kitu. Macho yakishazoea giza, kuta zinaanza kumeta. Si rangi. Ni glasi ya chupa iliyosagwa na kubandikwa ukutani, darini na hata kwenye milango, kijani kando ya kahawia, kahawia kando ya nyeupe, mapana kama kanga zilizotandikwa, na mahali pengine ikichora jua lenye miale. Madirishani mna vioo vyekundu, vya kijani na vya manjano. Katika kila chumba mna vioo vya kujitazamia vilivyokatwa maumbo ya mwezi, nyota, jua na moyo, vimepangwa ili kila kimoja kikamate mwanga wa kingine, na taa za mafuta na mishumaa kila mahali. Mchana tu nilihisi kizunguzungu. Nilijaribu kufikiria usiku, taa zote zikiwa zimewashwa na mwanamke mmoja ameketi katikati yake, nikaona afadhali nitoke nje nipate hewa.

Katika stoo ya jikoni bado zimo chupa za glasi hiyo, kila rangi na chupa yake, kama viungo vya pilau. Aliisaga kwa mikono, kwa kinu cha kusagia kahawa.

Simama hapo kidogo.

Atakayejaribu kusaga chupa moja kwa kinu cha kahawa atajua ninachosema. Glasi haisagiki kama buni. Inaruka, inakwaruza, vumbi lake linaingia puani na machoni. Yeye aliisaga kwa miaka, chupa baada ya chupa, nyingi zikiwa chupa za majirani zilizokuwa zitupwe, na vumbi lile lilichangia kuyaharibu macho ambayo kazi yote hii ilifanywa kwa ajili yake. Kula alikula kwa shida, kwa sababu fedha chache alizokuwa nazo zilikwenda kwenye saruji. Mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka 78, mikono ina baridi yabisi na macho yanazimika, alikunywa sumu. Alifia hospitalini, Graaff-Reinet, siku tatu baadaye.

Sitasema zaidi juu ya kifo hicho. Nimeona watu wengi wakikifanya ndiyo kiini cha hadithi yake, kana kwamba miaka 30 ya kazi ilikuwa utangulizi wa siku tatu.

## Mashariki ya nani

Nirudi kwa ngamia, maana niliwaacha wamesimama.

Baada ya kucheka nilitoka nje, nikavuka barabara ya vumbi, nikatawadha kwenye mfereji unaopeleka maji katika bustani za wanakijiji, nikaswali chini ya mti nikielekea kule simu iliponielekeza. Ni katika kutoa salamu, upande wa kulia kisha wa kushoto, nilipojiuliza: ni nani aliyeniambia kwamba neno Makka lina mwenyewe mmoja?

Helen Martins hakuwa Mwislamu. Hakuwahi kufika Makka. Alikusanya picha za kadi za salamu na za vitabu, akasoma Biblia aliyolelewa nayo, akawapenda washairi Omar Khayyam na William Blake, na katika mseto huo akajitengenezea mji wa mbali ambako mwanga unatoka. Mwanga unatoka mashariki. Hilo hata kuku anajua. Kwa hiyo Makka ikawa mashariki. Alipokosea ni kwenye ramani tu, na yeye hakuwa anachora ramani. Juu ya uzio wa ua aliandika kwa waya maneno yanayosema kwamba huu ni ulimwengu wake, akamaliza mjadala kabla mimi sijazaliwa.

Na sisi je? Bibi yangu mzaa mama, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akitaka kitanda kihamishwe husema, “Kisogezeni upande wa kibla,” naye hakuwa na habari ya swala wakati huo, alimaanisha kaskazini. Kwetu Tanga Makka iko kaskazini karibu moja kwa moja, na kwa karne nyingi mabaharia na wakulima wa pwani wameliita pembe hilo la dunia kibla, kama walivyoita kusini suheli kwa jina la nyota. Tumelichukua jina la upande wa ibada tukalifanya la kuhamishia vitanda. Yeye alichukua upande wa jua akaupa jina la ibada ya watu asiowajua. Sioni kwa nini wetu uwe uhodari na wake uwe kichekesho.

Kama jambo lingekuwa hilo peke yake, ningemwomba radhi kimoyomoyo, ningepanda gari, na makala hii isingeandikwa. Lakini nilirudi uani kuwatazama wale ngamia upya, sasa kwa heshima, na safari hii sikutazama wanakoelekea. Nilitazama shingo. Shingo ya ngamia ni kitu kigumu kukiinua kwa saruji. Inatoka mbele ya kifua, inashuka, kisha inapanda, na uzito wote wa kichwa unaning'inia juu ya hewa. Mtu asiyejua kazi angeipata imevunjika asubuhi ya pili. Nikamuuliza kijana aliyekuwa akitutembeza: mama wa miaka 67, mwenye mikono inayouma, aliziinuaje?

“Ah, hizo,” akasema. “Hizo ni za Koos.”

## Kujenga na kujengesha

Koos Malgas alikuwa mkata manyoya ya kondoo, mtu wa kwenda shamba hadi shamba kutafuta kibarua, ambaye pia alijua ujenzi. Mwaka 1964 alianza kufanya kazi kwa Bi Helen. Hakuwa wa kwanza. Kabla yake walikuwapo Jonas Adams na Piet van der Merwe. Lakini yeye ndiye aliyekaa, miaka 12, mpaka mama yule alipofariki. Bi Helen alimwonyesha picha, au alimweleza kwa maneno na kwa mikono alichokuwa akikiona kichwani. Malgas akakunja waya, akasuka umbo, akachanganya saruji, akajenga mwili, akaufinyanga uso. Sanamu nyingi za ua ule, na hasa zile ambazo mtu huja kuziona kutoka mbali, zimetoka katika vidole vyake.

Hapo kicheko changu kiligeuka kuwa hasira, na nilirudi nayo mpaka nyumbani.

Mnajua jinsi ilivyokuwa katika nchi hiyo miaka hiyo. Makaburu wako katika nguvu zao. Bi Helen ni mzungu, Malgas ni wa kundi ambalo sheria zao ziliwaita watu wa rangi mchanganyiko, na mahali pa kuishi, shule na hata njia ya kuingilia dukani vilitegemea karatasi hiyo. Kijiji kilimnong'ona Bi Helen kwa kukaa kutwa na mwanamume huyo uani. Kwa mzungu minong'ono ilileta upweke. Kwa Malgas, katika nchi ile, ingeweza kuleta makubwa zaidi, na hilo halisemwi mara nyingi.

Hata majina yao yanatamkwa kwa namna mbili. Kijijini kila mtu husema Miss Helen, kwa heshima ya cheo, na Koos, jina kavu, kama unavyomwita mtoto umtume chumvi. Nilijisikia nikifanya hivyo hivyo. Nimeamua kwamba kuanzia hapa nitamwita Mzee Malgas, kama ningemwita kama ningemkuta kibarazani kwake.

Athol Fugard, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa na nyumba kijijini humo, aliandika mchezo uliotokana na maisha ya Bi Helen. Jina lake, The Road to Mecca, limeupeleka ua huu katika majumba ya maigizo ya dunia tangu mwaka 1984. Jukwaani wamo watu watatu: bibi mwenyewe, rafiki yake kijana, na mchungaji. Fundi hayumo. Mchezo si daftari la mahudhurio, nalijua hilo, na Fugard hakuwa mtu wa kuwasahau wanyonge wa nchi yake. Lakini jambo hilo linaonyesha jinsi ilivyo rahisi kulisimulia jumba hili bila ya mtu aliyelisimamisha.

Hasira ikanipeleka kwenye lugha yetu, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoijua. Kiswahili kina njia ya kulisema jambo hili kwa haki kuliko lugha nyingi: kuchonga na kuchongesha, kushona na kushonesha, kujenga na kujengesha. Silabi moja, na mwenye fedha na mwenye mikono wanajulikana. Nikaandika katika daftari langu, kwa kujiona hodari: Helen Martins hakuchonga. Alichongesha.

Kisha nikajiuliza ni lini mara ya mwisho nilimsikia Mswahili akisema amejengesha nyumba.

Hatusemi. Tunasema, “Nimejenga Pongwe,” huko nje ya mji wa Tanga, na aliyejenga Pongwe hajapata kushika mwiko. Kiambishi tunacho, tumekiacha kabatini kama vyombo vya wageni. Baba yangu alikuwa fundi mwashi kwa miaka 40. Uko msikiti mmoja mjini ambao mihrabu yake aliijenga yeye, na upinde wake ni mwembamba na mtulivu kiasi kwamba watu huupiga picha. Kwenye jiwe la mlangoni imeandikwa umejengwa na fulani, mtu mwema aliyetoa fedha. Nimepita mlango ule tangu utotoni na sikuwahi kulisoma jiwe hilo kama kosa.

## Saidia fundi

Ningeweza kuishia katika hasira hiyo, na nadhani wasomaji wengi wangenipongeza. Tatizo ni kwamba kila nilipoirudia niliona inavuja mahali.

Maandishi mengi humwita Mzee Malgas msaidizi wa msanii. Nikalipeleka neno hilo kwenye jengo, ambako najua linafanyaje kazi. Kwenye jengo kuna fundi na kuna saidia fundi. Saidia fundi anachota mchanga, anachanganya, anabeba ndoo, anavunja kokoto. Fundi anapandisha ukuta. Sasa tuulize katika ua ule wa Nieu-Bethesda ni nani aliyekuwa akifanya kazi gani. Aliyepandisha ni Malgas. Aliyekaa jikoni akisaga glasi mpaka macho yakamwuma, aliyepanga rangi katika chupa ili fundi azikute tayari, aliyekusanya malighafi za jalalani, ni Bi Helen.

Kwa lugha ya kazi, saidia fundi alikuwa yeye.

Hilo lilinifurahisha kwa siku moja. Siku ya pili likanisumbua, kwa sababu saidia fundi huyu ndiye aliyekuwa akisema hapa paje bundi, hapa paje mchungaji na kondoo zake, na ngamia wote waelekee kule. Saidia fundi huyu angesema uso huu hapana, urudie. Hakuna jengo linaloendeshwa hivyo. Na yeye pia hakuwa mwenye kazi wa kawaida, yule wetu wa Pongwe anayekuja Jumapili kukagua matofali na kuuliza saruji mbona imeisha upesi. Mwenye kazi wa kawaida hali mkate mkavu ili fundi apate saruji. Neno kuchongesha lililonifanya nijione hodari lilikuwa limembana mahali asipoenea.

Nilijaribu mlango mwingine: kwamba wazo ni la mmoja na mikono ni ya mwingine, wazo ndilo sanaa. Huo nao haukunifaa. Nilikuwa nimeziona nyuso. Wapo bundi wa kutisha na wapo wa kuchekesha. Wapo mahujaji wenye mabega ya watu waliochoka kikweli, si uchovu wa kwenye kadi za salamu. Wazo halina mabega. Mtu aliyefinyanga mabega yale alikuwa ameyaona, pengine katika mabanda ya kukatia manyoya, jioni, miongoni mwa wenzake. Hilo la mabanda nakisia, lakini mabega nimeyaona kwa macho yangu.

Kwa hiyo kwa wiki nzima nilikuwa na watu wawili, na neno moja tu la kuwagawia, na kila nilipompa mmoja lilimdhulumu mwingine. Usawa haukuwapo baina yao, na siutaki uigizwe. Mmoja aliweza kumwajiri mwenzake, na mwenzake hakuweza kufanya hivyo. Mmoja alilala ndani ya nyumba inayometa, na mwingine jioni alirudi upande wa kijiji waliotengewa watu wake. Lakini ua ule usingekuwapo bila hata mmoja wao, na hili si la kuwafariji; ni la kihandisi, kama kusema zege haliwi zege kwa saruji peke yake.

## Mwaka 1991

Kilichonigeuza kilikuwa jambo lililotokea baada ya Bi Helen kufa.

Nyumba ilikaa. Karoo ina jua kali la mchana na baridi ya usiku inayogandisha maji, na saruji inapopasuka kidogo, maji huingia ufani, huganda, hutanuka, na ufa hupanuka mwaka baada ya mwaka. Masikio ya bundi yakadondoka, vidole vya mahujaji vikakatika, waya zikachungulia na kuota kutu. Mzee Malgas alikuwa amekwisha kuhama, amekwenda kutafuta maisha mbali na kijiji. Watu walioamua kuiokoa nyumba hiyo iwe jumba la makumbusho walikuwa na picha, walikuwa na nia, na walikuwa wakitafuta fedha. Wasichokuwa nacho ni mtu anayejua ndani ya shingo ile kuna nini.

Mwaka 1991 wakamwita, naye akarudi.

Nimelitafakari jambo hili zaidi ya yote niliyoyaandika hapa. Mzee Malgas anaingia uani. Aliyekuwa akimwambia hapa paje hivi hayupo tena. Hakuna picha ya kadi inayoinuliwa mbele yake, hakuna wa kumwambia uso huu urudie. Anamchukua hujaji asiye na mkono na kumtengenezea mkono. Mkono huo ni wa nani? Ikiwa msanii ni mwenye wazo, basi wazo limekwisha kuzikwa na mkono huu si kazi ya sanaa, ni ukarabati. Ikiwa msanii ni mwenye vidole, basi mkono huu ni halisi kama ule wa kwanza, na hakuna kilichorekebishwa. Msanii ameendelea na kazi yake tu, baada ya mapumziko marefu. Jumba la makumbusho haliwezi kukwepa kuchagua, hata lisipoandika popote. Kila mgeni anayeupiga picha mkono ule anachagua pia, bila kujua.

Alifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa. Alifariki mwaka 2000, na baadaye mjukuu wake alishiriki kuandika kitabu ambacho katika jina lake Koos Malgas anaitwa mchongaji wa nyumba hiyo. Wanaoitunza leo hawamfichi. Ukiuliza unaambiwa, na hata usipouliza utalikuta jina lake. Kwa hiyo siandiki kuwashitaki. Jumba la msanii mmoja lina faida yake: linamkinga mtu asiye wa kawaida asimezwe na wenzake wa kawaida. Ukiwapanga mahujaji wale katika jumba kubwa la mjini, wawili huku, watatu kule, baina ya mandhari za rangi za mafuta, watakuwa vituko. Pale kwao ni watu walio safarini. Lakini neno hilo mmoja, ambalo ndilo linalolipa jumba nguvu yake, ndilo pia lenye ufa.

Sikujua niufanyie nini. Nikampigia simu mtu anayejua nyufa.

## Simu ya Tanga

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Mama yako anasema umeanza kutembelea mabundi.”

Nilimsimulia yote, kwa mpangilio kama huu niliowasimulia ninyi, kasoro habari ya jiwe la msikiti, ambayo niliiweka mwisho kwa sababu niliiogopa. Alisikiliza kwa adabu sehemu ya Bi Helen. Kwenye glasi akasema maskini, macho yake. Nilipofika kwenye shingo za ngamia alinikatiza, na sauti yake ikabadilika.

“Ndani wameweka nondo au waya?”

Nikasema waya, kwa nilivyoona mahali palipopasuka.

“Mmoja mmoja, au wavu?”

Sikujua. Akaniuliza mchanga wa kule ni wa mtoni au wa kuchimba, mvua ni za msimu gani, na kama sanamu zimekaa juu ya msingi au zimesimamishwa tu ardhini. Akauliza fundi alikuwa akimwagilia maji kwa siku ngapi, maana katika jua kavu namna hiyo saruji hukauka juu kabla ya ndani, na asiyejua hilo kazi yake hupasuka mwezi wa kwanza. Nikamjibu kwamba zipo zilizosimama tangu miaka ya 1960. Akanyamaza kidogo.

“Basi alikuwa anajua,” akasema.

Hapo ndipo nilipomwuliza kuhusu jiwe la mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu la uchungu, na nadhani kwa siri nililitamani, kwa sababu lingenipa mwisho mzuri wa makala. Alicheka. Alisema yule mzee aliyetoa fedha alikuwa akija kila alasiri, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatazama upinde unavyopanda, hasemi kitu. Siku moja tu ndiyo alisema. Alisema upinde umelala kidogo kushoto. Baba akashusha timazi ili amwonyeshe kwamba haukulala. Timazi ikaonyesha umelala.

“Nikaubomoa,” akasema. “Sasa wewe niambie huo upinde ni wa nani.”

Sikuwa na la kusema, naye hakusubiri niseme. Alitaka picha za ngamia. Nikamtumia tisa, zile nzuri zaidi, zenye anga la Karoo nyuma yake na nyuso zimepigwa na jua la mchana. Baada ya robo saa akapiga yeye.

“Hizi zote ni za mbele,” akasema. “Mbele kila mtu anapalainisha. Nitumie za mgongoni, nione mkono wake.”

Nilizipitia zote, zaidi ya 200, mara mbili. Sikuwa na hata moja.